Mke wangu ana mimba ya wiki 33 na anachoma insulini. Amezimika usiku. Ikitokea tena nifanye nini?

Mvuvi wa Dagaa

Habari zenu ndugu zangu. Naandika nikiwa Ukerewe, kijiji ambacho kufika Nansio kwa bodaboda ni kama saa nzima, mvua isiponyesha. Mke wangu ana miaka 26. Kisukari alikipata akiwa na miaka 17, na anachoma insulini ya mchanganyiko, asubuhi na jioni. Sasa ana mimba ya wiki 33, ndiyo ya kwanza kwetu.

Usiku wa Jumapili iliyopita nilikuwa nyumbani kwa sababu ya mbalamwezi, hatuvui dagaa mwezi ukiwa mkubwa. Ingekuwa giza ningekuwa ziwani, na nikiwaza hilo nashindwa kulala. Saa nane hivi niliamka nikakuta shuka imelowa. Nikadhani chupa imepasuka. Kumbe ni jasho, jasho la baridi, mwili mzima. Nikamwita, akanijibu maneno yasiyoeleweka, ananiita jina la kaka yake. Kisha macho yakageuka, mkono na mguu wa kulia vikaanza kurukaruka.

Mama yangu akaingia. Jirani naye akaja, akasema ni kifafa cha mimba. Mwingine akasema ni majini ya ziwani, akaenda kutafuta majani ya kufukiza. Mimi nilikumbuka sukari, kwa sababu mke wangu alishanifundisha, lakini nilichofanya ni kumkamata kichwa na kummiminia soda mdomoni. Akapaliwa. Akawa anakoroma na soda inatokea puani. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku zote za maisha yangu.

Tulimpakia kwenye bodaboda, mimi nimemshika kwa nyuma, mpaka zahanati. Nesi alimtoboa kidole kabla hata sijamaliza kueleza. Mashine ikasoma 1.6. Akamtundikia glukosi kwenye mshipa, na kabla dripu haijafika nusu mke wangu akafungua macho akauliza kwa nini amevuliwa viatu. Presha ilikuwa 138 kwa 88. Kesho yake tulipelekwa Nansio, akalazwa siku mbili, dozi ya jioni ikapunguzwa, moyo wa mtoto ukasikika vizuri.

Jioni ile alikuwa amechoma kiasi chake cha kawaida, lakini alikula matonge mawili tu ya ugali. Kiungulia kinamsumbua, tumbo limejaa, anasema chakula hakina pa kukaa.

Mashine ya kupimia tunayo. Stripu zilikuwa zimebaki sita, akawa anapima asubuhi peke yake ili zisiishe.

Naomba mnisaidie. Ikitokea tena nifanye nini, kwa mpangilio? Nitajuaje kama ni sukari au ni kifafa cha mimba? Je, sukari ikipanda nayo ni hatari ya usiku mmoja kama hii ya kushuka? Na giza la mwezi likirudi natakiwa ziwani usiku kucha, nitamwacha na mama yangu ambaye hajui kusoma.

---

Mama Wawili

Pole sana kaka, na umpe pole mke wako. Mimi naishi Morogoro na nina kisukari tangu nikiwa na miaka 14. Najiita Mama Wawili ingawa nyumbani kwangu anayeonekana ni mmoja. Nitakueleza vyote viwili, kwa sababu swali lako la sukari kupanda ndilo lililomchukua mwanangu wa kwanza.

Kwanza hili la kushuka. Insulini ya mchanganyiko ikichomwa saa moja jioni haishii kwenye chakula cha jioni. Sehemu yake ya pili, ile ya polepole, inaamka usiku wa manane, wakati mtu amelala na tumboni hamna kitu. Ndiyo maana ilikuwa saa nane. Mke wako hakukosea dozi, alikosa chakula cha kuipokea. Mimi nikiwa na tumbo kubwa niliacha kula milo mitatu mikubwa, nikawa nakula kidogo mara sita: kiazi kimoja na maziwa, baada ya saa mbili uji, baada ya hapo yai na kipande cha muhogo. Na sikulala kabla ya kujua namba yangu. Ikiwa chini ya 6 nakula kitu kwanza, karanga na kipande cha kiazi au glasi ya maziwa, halafu ndiyo nalala.

Kuhusu stripu, kaka, nakuomba kama dada yako, usizibanie. Kama ni lazima kuchagua, basi chagua kabla ya kulala na ile ya saa tisa usiku, kuliko asubuhi peke yake. Namba ya asubuhi inakwambia usiku umepita salama. Haikwambii kitu wakati usiku wenyewe unaendelea. Nenda na mashine yako duka la dawa, uulize stripu za aina hiyo hiyo, kwa sababu za mashine nyingine haziingii.

Mashine zetu nyingi zinasoma kama yako. Chini ya 3.9 ni kushuka, usingoje atetemeke. Chini ya 3 ni hatari. Wenye mashine inayosoma kwa mamia, hiyo 3.9 kwao ni 70. Akiwa macho na anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda yenye sukari. Ninyi Ukerewe mna machungwa, kamua nusu glasi, inatosha. Subiri robo saa, pima tena. Bado iko chini, rudia. Ikishapanda mpe chakula cha kukaa tumboni, maana sukari ya soda inapita haraka na ile insulini ya usiku bado ipo kazini.

Sasa la kupanda. Mimba yangu ya kwanza ilifika wiki ya 29 nikapata malaria. Nilitapika siku mbili. Nilikwenda sehemu ya kutolea huduma, sitaitaja, nikaambiwa: kwa kuwa huli, acha insulini mpaka upate hamu ya kula, usije ukaishiwa sukari. Ilionekana ni akili. Niliacha. Siku ya pili nilipima ikasoma 13, nikaambiwa 13 si mbaya sana, wengine wanakuja na 30. Siku ya tatu nikawa nahema kama mtu aliyekimbia kutoka Mzumbe, nimekaa kitandani. Kiu isiyoisha. Tumbo linauma nikadhani ni uchungu. Mume wangu anasema mdomo wangu ulinuka kama ndizi zilizoiva mno.

Ile ilikuwa asidi ya kisukari. Mwili ukikosa insulini unachoma mafuta, na mafuta yakichomwa hivyo yanatoa ketoni, na ketoni zikizidi damu inakuwa na asidi. Daktari aliyenipokea hospitali alinieleza baadaye kwamba kwa mjamzito hali hii inaingia haraka, na inaweza kuingia sukari ikiwa bado haijawa kubwa ya kutisha. Ile 13 yangu ilitosha. Walinipa maji mengi ya mshipa, insulini ya mshipa, potasiamu, wakawa wananipima kila saa. Mimi nikapona. Mapigo ya mtoto hayakusikika. Alikuwa msichana.

Kwa hiyo nikikusihi jambo moja ni hili: mke wako akiumwa, akitapika, akiwa na homa, insulini haiachwi kabisa. Inaweza kupunguzwa, na hilo aamue daktari, lakini kuacha hapana. Nunua vijiti vya mkojo vya kupima ketoni, ni vya kuchovya, vinabadilika rangi. Akitapika hata mara mbili, au ketoni zikionekana, ni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mashine inasoma namba ya kawaida. Nasema hospitali, mahali penye dripu na maabara, siyo mahali pa kupewa dawa ya kutapika na kurudishwa nyumbani.

Mwanangu wa pili ana miaka minne. Mimba yake niliipanga, nikaanza aspirini ndogo wiki ya 12 kama nilivyoandikiwa, nikahudhuria kliniki mbili, ya kisukari na ya wajawazito. Wiki za mwanzo sukari ilikuwa inashuka hovyo, baadaye insulini ikapanda mpaka karibu mara mbili ya ile ya zamani. Alizaliwa kwa upasuaji wiki ya 37, kilo 4.1. Siku ile ile dozi yangu ilikatwa nusu. Hilo nalo lishike kaka: kondo la nyuma likishatoka, mahitaji ya insulini yanaanguka siku hiyo hiyo. Mzazi akichomwa dozi ya ujauzito baada ya kujifungua, anazimika wodini watu wakidhani amelala kwa uchovu.

Na insulini yenu mnaiweka wapi? Kama hamna friji, chupa inayotumika iweke kwenye kopo kavu, kopo liwekwe ndani ya chungu cha udongo chenye ubaridi wa maji. Isikae juani wala karibu na jiko.

---

Mkunga Mstaafu

Mwanangu Mvuvi, hujambo. Nimefanya kazi ya ukunga miaka 34, mwingi wa muda huo Kagera, zahanati na kituo cha afya. Huyo nesi wa zahanati yenu aliyemtoboa kidole kabla hujamaliza kueleza, nampongeza kutoka moyoni. Nimeona wajawazito wenye kisukari wakipewa dawa za degedege, wakifukizwa, wakisomewa, na hakuna aliyepima sukari, kipimo ambacho ni tone moja la damu na sekunde chache. Dua sizikatazi. Ziombwe ndani ya gari.

Umeuliza utatofautishaje. Nitakwambia dalili, kisha nitakwambia usizitegemee. Sukari ikishuka kuna jasho la baridi, kutetemeka, njaa, kuongea ovyo, na mtu akipata sukari anarudi haraka kama alivyorudi mkeo. Kifafa cha mimba mara nyingi hutanguliwa na kichwa kuuma sana kusikopoa, kuona maluweluwe, maumivu chini ya chembe cha moyo, uso na mikono kuvimba ghafla. Lakini nimepokea mama aliyepata kifafa cha mimba bila kulalamika kichwa hata siku moja. Na mwenye kisukari ana hatari zaidi ya kupata presha ya mimba kuliko wenzake. Anaweza kuwa na vyote viwili usiku mmoja. Kwa hiyo saa nane usiku hukai kutofautisha. Unapima sukari, unatibu sukari kama iko chini, na hata akiamka unampeleka, akapimwe presha na mkojo.

Akianza kurukaruka, mlaze ubavu wa kushoto, ondoa vitu vigumu karibu yake, usimshikilie kwa nguvu, usiweke kijiko wala kidole kati ya meno. Hukosi akili kwa ile soda, baba, hofu hufanya hivyo. Ila aliyepoteza fahamu hamezi, kinakwenda mapafuni. Mtetemeko ukitulia na bado hajitambui, chukua asali au sukari iliyolowanishwa kidogo, pakaa kwa ncha ya kidole ndani ya shavu, lile la upande wa chini alikolalia, kidogo kidogo, huku usafiri unatafutwa. Usiingoje hiyo asali ifanye kazi ndiyo muondoke. Kuna sindano ya kupandisha sukari, ya glukagoni, ambayo ndugu anaweza kuichoma nyumbani, lakini mimi kijijini sikuwahi kuiona, sitaki uisubiri.

Mashine ikikosekana au stripu zikiisha, na yuko macho anameza, mpe sukari. Kama ilikuwa imeshuka umemwokoa. Kama ilikuwa imepanda, vijiko vitatu havitamwongezea hatari kubwa njiani.

Ikiwa sukari haijashuka na bado amepata kifafa, mwambie wa zahanati presha ipimwe hapo hapo. Zahanati yenye magneziamu salfeti inaweza kumchoma dozi ya kwanza, gramu 5 kila tako, kisha ndiyo asafirishwe. Hiyo dawa ndiyo inayozuia kifafa cha pili, na hicho cha pili ndicho nilichowahi kukiona kikiua kwenye barabara ya matope.

Sasa ile presha yake, 138 kwa 88. Mpaka tunaouogopa ni 140 kwa 90, na 160 kwa 110 ni dharura. Yeye amesimama mlangoni. Usiiache mpaka kliniki ya mwezi ujao. Apimwe wiki hii na kila wiki, pamoja na protini kwenye mkojo.

Jambo la mwisho ambalo sijaona mtu akilitaja. Kuanzia miezi ya mwisho insulini kwa kawaida inahitajika nyingi, siyo kidogo. Safari hii tunajua sababu ya kushuka, hakula. Lakini kama sukari itaendelea kushuka siku baada ya siku huku anakula vizuri na dozi imeshapunguzwa, mwambie daktari kwa maneno hayo hayo, kwa sababu inaweza kuwa ishara kwamba kondo la nyuma linachoka. Na mama asikilize mtoto anavyocheza. Akipunguza kucheza kuliko kawaida yake, hiyo ni safari ya siku hiyo, siyo ya kesho.

Asijifungulie kijijini. Mtoto wa mama mwenye kisukari anaweza kuwa mkubwa mabega yakakwama, na akizaliwa sukari yake yeye mwenyewe huweza kushuka. Anyonyeshwe ndani ya saa ya kwanza na apimwe kisiginoni. Ikisoma chini ya 2.6 hatua zinachukuliwa. Mkiona mtoto anatetemeka, amelegea, hataki titi, msiseme amechoka na safari ya kuja duniani. Semeni apimwe. Na kama madaktari wataona mtoto anaweza kuja mapema wakamchoma mama sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, zile sindano zinapandisha sukari kwa siku kadhaa, hivyo awe amelazwa anapimwa, siyo kuchomwa na kurudi nyumbani.

---

Tochi Barabarani

Poleni. Mimi siyo mtaalamu wa afya, ni dereva wa ngazi ya jamii, Sengerema, kwenye m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga. Huu mfumo ulianzia huku kwetu kabla ya kuzinduliwa nchi nzima mwaka 2022, kwa hiyo nimebeba kina mama wengi.

Kaka piga 115. Ni bure, hata simu haina salio. Ni ya wajawazito, waliojifungua ndani ya siku 42, na watoto wachanga wa siku 28. Anayepokea anakuuliza maswali, anatafuta gari la wagonjwa, likikosekana karibu anapigiwa dereva kama mimi. Nauli hulipi wewe, tunalipwa kwa simu tukishamfikisha.

Ukipokelewa anza na maneno matatu: mjamzito, ana kisukari, hajitambui. Baadaye ndiyo utaje kijiji. Watu wengi wanaanza na hadithi tangu jioni. Taja alama ambayo mgeni anaijua, shule, kanisa, mnara, siyo "kwa mzee fulani". Na mtu mmoja asimame barabarani na tochi. Nimewahi kupita nyumba ya mgonjwa mara mbili gizani kwa sababu wote walikuwa ndani wanamlilia.

Ninachokiona kikipoteza muda siyo barabara. Ni nyumbani. Kadi ya kliniki inatafutwa, kitenge kinatafutwa, mkwe anapigiwa aulizwe ruhusa, hela ya kushika inakopwa. Fungasheni leo. Mfuko mmoja uning'inie mlangoni: kadi, mashine, insulini ichukuliwe kutoka kwenye chungu, khanga, nguo za mtoto, namba za simu kwenye karatasi. Na ruhusa iombwe leo mchana.

Halafu huyu mama asikae tena katikati kwenye bodaboda akiwa hajitambui. Kichwa kinaning'inia, njia ya hewa inaziba. Kama hakuna gari kabisa, hata mkokoteni au machela ya kitanda mpaka barabarani, akiwa amelala ubavu.

Zahanati yenu ipigieni mchana, muulize usiku nani yupo zamu na namba yake. Mimi nikiwa njiani napiga huko, nikifika namkuta nesi mlangoni.

---

Mvuvi wa Dagaa

Shikamoo mama mkunga. Dada Mama Wawili, nimesoma ya kwako mara tatu, na mke wangu amesoma, amelia, amesema nikwambie anamwombea huyo msichana. Kaka wa Sengerema ahsante, sikujua kuhusu 115, tulilipa bodaboda kwa hela ya kukopa.

Nina maswali mawili. Akiwa hana hamu ya kula jioni, achome au asichome? Na mama yangu hajui kusoma, nitamwachaje na mashine?

---

Mkunga Mstaafu

Marahaba mwanangu.

Jioni asichome kwanza ndipo chakula kitafutwe. Chakula kiwe mbele yake, kimeiva, ajue atakimaliza, ndipo achome, kisha ale ndani ya nusu saa kama ni hiyo ya mchanganyiko ya kawaida. Mkienda Nansio mwombeni daktari aandike kwenye daftari lake: akila chote uniti ngapi, akila nusu uniti ngapi, asipoweza kula kabisa uniti ngapi na ampigie nani. Msibuni wenyewe, na msifute kabisa, umesikia alichopitia mwenzenu. Dozi iliyoandikwa inamwondolea hofu ya kuamua peke yake usiku.

Mama yako anauza dagaa sokoni? Anarudisha chenji? Basi namba anazijua, asikwambie hajui. Mwonyeshe kwenye mashine: ikianza na 1, 2 au 3 halafu nukta, ni sukari mdomoni kama yuko macho, shavuni kama hayuko, na simu. Ikianza na 4 au 5, ale kitu. Mfundishe kutoboa kwa kidole chake mwenyewe kwanza, mara tatu, mkono wake uzoee. Namba 115 iwekwe kwenye simu yake kitufe kimoja.

Lakini nikuulize kama mama yako. Zimebaki wiki nne au tano. Hizo usiku za giza la mwezi huu, huwezi kuzikosa?

---

Mama Wawili

Naunga mkono swali la mama. Mume wangu alilala sakafuni pembeni ya kitanda changu wiki sita za mwisho, ameweka kengele ya simu saa tisa. Nilikuwa nampigia kelele aache kunitoboa. Hakuacha.

---

Mvuvi wa Dagaa

Narudi na taarifa. Juzi tulikwenda Nansio. Presha 134 kwa 86, protini hamna, mtoto anacheza. Daktari ameandika dozi tatu kwenye daftari kama ulivyosema mama, na ametuandikia rufaa ya Mwanza, wiki ya 35 avuke akakae kwa shangazi yake Igoma mpaka siku itakayopangwa. Nimenunua stripu pakti mbili, na vijiti vya ketoni nimevipata duka la tatu. Sukari ipo kwenye kopo la Blue Band juu ya meza ya kitanda, na asali pembeni, na machungwa chini ya kitanda. Mama amejitoboa mara tano, sasa anawapima majirani.

Mfuko upo mlangoni. Aliyetaka kufukiza nimemwomba awe mtu wa tochi, amekubali.

Mwenye mtumbwi nimemwambia sitoki mwezi huu. Amenielewa, mkewe naye alipata presha ya mimba mwaka jana.

Sasa hivi ni saa tisa na dakika tano usiku, nimempima. 6.8. Amegeuka upande wa pili, analala.